Kumsikiliza mtoto kabla ya kumwamulia: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Binti wa miaka 9 ameitwa sebuleni. Televisheni imezimwa, kwa hiyo anajua kuna jambo. Baba anasema, "Tumeamua utahamia shule nyingine. Wewe unaonaje?" Binti anainama, anachorachora sakafu kwa kidole cha mguu, kisha anasema, "Sawa." Wazazi wanashusha pumzi. Amekubali.

Hakukubali. Alisikia neno "tumeamua" akaelewa kwamba swali lililofuata lilikuwa la adabu tu. Wazazi hao si wabaya. Wamefanya zaidi ya wengi, maana angalau walimwita. Lakini kumwita mtoto ni jambo moja na kumsikiliza ni jingine, na kutoka hapa hadi pale kuna hatua zinazoweza kujifunzwa. Nimeziandika kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwalimu, muuguzi, afisa ustawi wa jamii na yeyote ambaye leo au kesho ataamua jambo zito katika maisha ya mtu ambaye hajafikisha miaka 18.

Haki yenyewe inasemaje

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, ukaanza kutumika tarehe 2 Septemba 1990. Nchi zote wanachama wa Umoja huo zimeuridhia isipokuwa Marekani. Ibara yake ya 12 ina vipande viwili. Cha kwanza: mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito unaolingana na umri na upevu wake. Cha pili: apewe nafasi ya kusikilizwa katika shauri lolote la kimahakama au la kiutawala linalomgusa, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, nao unaigusa haki hiyo katika ibara ya 4.

Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Mtoto, chombo kinachofuatilia utekelezaji wa mkataba, ilitoa ufafanuzi mrefu wa ibara ya 12 unaoitwa Maoni ya Jumla Namba 12. Yapo mambo matatu humo ambayo watu wazima wengi hawayatarajii. Kwanza, Kamati inazishauri nchi zisiweke umri wa chini wa mtoto kusikilizwa. Pili, si kazi ya mtoto kuthibitisha kwamba anaweza kutoa maoni. Tunaanza kwa kuchukulia kwamba anaweza. Tatu, kutoa maoni ni haki, si wajibu. Mtoto akitaka kunyamaza, ananyamaza.

Na kuna kitu ambacho ibara hiyo haikisemi: haisemi mtoto ndiye mwamuzi. Wengi wanaoipinga wanapinga kifungu ambacho hakipo. Mzazi anabaki mzazi, hakimu anabaki hakimu. Sikio halipiti kichwa, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna anayelipandisha sikio hapa. Ila kichwa hicho hicho husikia kwa kupitia sikio.

Hatua ya 1: Jua ni nini bado hakijaamuliwa

Fanya hivi peke yako, kabla hujamwita mtoto. Chukua karatasi uigawe sehemu tatu. Ya kwanza, yaliyokwisha kufungwa. Ya pili, yaliyo wazi, ambayo maoni ya mtoto yanaweza kuyabadilisha. Ya tatu, yale ambayo mtoto anaweza kuyaamua mwenyewe kabisa.

Turudi kwa yule binti. Tuseme familia inahama kwa sababu ya kazi ya baba. Kuhama kumefungwa. Lakini je, ni shule ipi kati ya mbili zilizo karibu na makazi mapya? Ahamie katikati ya muhula na wazazi, au abaki kwa ndugu hadi muhula uishe? Hayo yako wazi. Na jinsi ya kuwaaga rafiki zake, au vitu gani vya kwenda navyo, hayo ni yake. Mtu aliyedhani hana cha kumuuliza mtoto hugundua kwamba karatasi imejaa.

Ukiona sehemu ya pili na ya tatu ziko tupu kabisa, usimuulize maoni. Mpe taarifa kwa upole, mwache alie kama atalia, ukae naye. Kumuuliza mtoto "unaonaje" juu ya jambo lisilobadilika ni kumfundisha kwamba maneno yake hayafanyi kazi, na somo hilo atalikumbuka siku utakapohitaji kweli akuambie jambo.

Hatua ya 2: Mweleze, ndipo umuulize

Hakuna mtu mwenye maoni ya maana juu ya jambo asilolijua. Mweleze kwa lugha ya umri wake nini kinatokea, kwa nini, lini, na watu gani watahusika katika kuamua. Mwambie wazi lipi limefungwa na lipi liko wazi. Mwambie pia nani atayasikia maneno yake: "Nitakayoandika hapa atayasoma hakimu, na wazazi wako wanaweza kujua ulichosema." Mtoto ana haki ya kujua hilo kabla hajafungua mdomo.

Usimwahidi siri kamili, hata akikusihi. Mwambie, "Mengi tunaweza kuyaacha baina yetu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itanibidi nimwambie mtu wa kukusaidia, na nitakujulisha kabla sijafanya hivyo."

Kisha mpe muda. Watu wazima huchukua wiki kufikiria jambo, halafu humtaka mtoto ajibu papo hapo. Mweleze leo, muulize kesho au keshokutwa. Katikati hapo atakuja na maswali, mara nyingi wakati usioutegemea, ukiwa unafua au unafunga mlango. Yajibu yote. Maswali yake ndiyo dalili kwamba jambo limeingia.

Hatua ya 3: Mahali na mkao

Usimhoji mtoto mbele ya watu ambao jibu lake linaweza kuwaumiza au kuwakasirisha. Niliwahi kukaa katika kikao ambamo mvulana wa miaka 10 aliulizwa, mama yake akiwa upande huu na baba yake upande ule, "Unataka kukaa na nani?" Alitazama viatu vya baba yake, kisha vya mama yake, kisha vya baba yake tena. Hakusema neno, na kikao kikaandika kwamba mtoto hana maoni.

Kaeni pembeni kwa pembeni kuliko uso kwa uso. Mtoto husema mengi zaidi akiwa hatazamwi machoni. Shuka usawa wake. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono: udongo, kalamu za rangi, nguo za kukunja. Weka simu yako mbali, isionekane kabisa. Muulize kama anataka mtu anayemwamini akae naye, na akimtaja mtu usiyemtarajia, usikunje uso.

Mtoto mdogo sana ana maoni hata kabla hajajua kusema. Anageuza uso, anang'ang'ania, anatulia akibebwa na huyu na kulia akibebwa na yule. Kamati yenyewe inataja michezo, ishara za mwili, sura ya uso na michoro kama njia halali za kutoa maoni. Mtoto mwenye ulemavu apewe njia yake: lugha ya alama, kadi za picha, kifaa cha kumsaidia kusema, au mtu anayemwelewa, mradi mtu huyo atafsiri tu na asijibu kwa niaba yake.

Hatua ya 4: Maswali

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tena kwa nia njema.

Swali linalobeba jibu lake si swali. "Utafurahi kuwa na chumba chako, si ndiyo?" Mtoto ataitikia, kwa sababu watoto wadogo huelekea kuitikia swali la ndiyo au hapana linapotoka kwa mkubwa. Swali lile lile likirudiwa mara mbili nalo ni hatari: mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, analibadilisha. Ukihitaji kurudia, eleza sababu: "Sikukusikia vizuri" au "Nataka nihakikishe nimekuelewa." Na neno "kwa nini" masikioni mwa mtoto lina sauti ya kesi. Badala ya "kwa nini hutaki?" sema "hebu niambie kuhusu hilo."

Anza na maswali mapana: "Niambie siku yako ya kawaida inavyokwenda." "Ukifikiria jambo hili, nini kinakuja kwanza kichwani?" "Kitu gani kingefanya iwe rahisi?" "Kitu gani hutaki kabisa kitokee?" Kisha nyamaza. Hesabu hadi 10 kimoyomoyo. Ni kimya kirefu kuliko unavyodhani, na mara nyingi jibu la kweli huja ulipofika 7 au 8.

Hivi ndivyo mama wa yule binti angeweza kwenda naye, wakiwa wanakunja nguo:

"Ukifikiria kuhama, mwanangu, nini kinakuja kwanza?"

"Sijui."

Mama anaendelea kukunja. Shati moja. La pili.

"Mama, mwalimu wa kule atanijua?"

Hapa ulimi wa mzazi unawasha kusema "Atakujua tu, usiwe na wasiwasi." Maneno hayo yangefunga mlango. Mama anauliza, "Ungependa akujue vipi?"

"Ajue huwa nakaa mbele."

"Huwa unakaa mbele?"

"Nikikaa nyuma sioni ubaoni. Mwalimu wangu anajua, kwa hiyo hanihamishi."

Wazazi hawakuwa na habari kwamba mtoto wao haoni vizuri mbali. Jambo hilo lilikuwa la muhimu kuliko rangi ya sare au umbali wa shule, na lilipatikana kwa sababu mama alirudia maneno ya mtoto badala ya kumtuliza. Mbinu hiyo ya kurudia maneno yake yenyewe, bila kuongeza chako, ni ndogo, na inafungua mengi.

"Sijui" ina maana nyingi. Inaweza kuwa sijaelewa swali, sijafikiria bado, naogopa, au sitaki kusema. Jibu zuri ni lile lile kwa zote: "Sawa. Ukipata neno, nipo."

Katika mashauri ya wazazi wanaotengana, usimtake mtoto achague mzazi. Muulize kuhusu maisha: analala vizuri wapi, nani humsaidia kazi za shule, nini kinakuwa kigumu siku za kubadilisha nyumba, ndugu na rafiki gani hataki kuwakosa. Picha ya anachohitaji itatokea yenyewe, na mtoto hatabeba mzigo wa kumwacha mmoja. Akitaka mwenyewe kusema anataka kukaa na nani, msikilize. Kosa ni kumlazimisha.

Akifichua kwamba anaumizwa

Simamisha mazungumzo ya mwanzo. Kazi yako imebadilika. Tulia usoni. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Hili si kosa lako." Usimhoji kwa undani, usimtake aonyeshe wala arudie mbele ya mtu mwingine, kila kuhojiwa upya kunamuumiza upya na kunaweza kuharibu ushahidi. Mara tu mkiachana, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Peleka taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo, na usimkabili mtuhumiwa wewe mwenyewe. Kama mtuhumiwa yuko anakolala mtoto, jambo hilo lisisubiri kesho.

Hatua ya 5: Pima uzito

Sasa una maoni ya mtoto mkononi. Uyape uzito gani? Umri peke yake hautoshi. Mtoto wa miaka 7 aliyeishi na maradhi ya muda mrefu anaweza kuyaelewa matibabu yake kuliko kijana wa miaka 15 aliyeumwa jana. Jiulize: ameelewa nini kitafuata akipata anachotaka, na akikikosa? Matokeo ya uamuzi huu kwake ni makubwa kiasi gani? Kadiri yanavyokuwa makubwa, ndivyo upevu wake unavyopaswa kupimwa kwa makini zaidi. Maneno ni yake, au kuna mtu amemkaririsha? Mtoto aliyekaririshwa mara nyingi hutumia maneno ya wakubwa, na ukimwomba mfano hukwama. Lakini usimtupe kwa hilo. Chini ya maneno ya kukaririshwa bado kuna mtoto mwenye yake ya kusema.

Kuna mtego mmoja ninaouona mara kwa mara. Mtoto akikubaliana nasi tunasema ni mpevu, akitukatalia tunasema bado mdogo. Upevu hupimwa kwa jinsi anavyofikiri, si kwa upande anaoangukia.

Wengine husema, "Mimi naangalia masilahi yake, hiyo ni ibara ya 3." Ni kweli, masilahi bora ya mtoto yamo katika ibara ya 3. Kamati inasema ibara hizo mbili hazigombani: huwezi kujua masilahi ya mtu ambaye hujamsikia.

Hatua ya 6: Mrudishie jibu

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Nimeona taasisi zenye fomu nzuri za kuwahoji watoto, vyumba vyenye picha ukutani na midoli, na maafisa wapole. Kisha mtoto anaondoka na hasikii tena chochote hadi gari lije kumchukua. Ndipo huambiwa kwamba alisikilizwa. Mtoto ambaye hakurudishiwa jibu hana njia ya kujua kama alisikilizwa au alirekodiwa tu.

Jibu lina sehemu nne, na zote ziwe fupi. Nilikusikia ukisema hivi. Hili tumelifuata. Hili hatukulifuata, na sababu ni hii. Kama hukuridhika, unaweza kufanya hivi.

Kwa yule binti: "Ulisema unataka kumaliza muhula na wenzako. Tumejaribu, haikuwezekana, kwa sababu bibi anayeweza kukaa na wewe anaumwa. Najua hilo linauma. Ulisema mwalimu ajue kwamba unakaa mbele. Nimeandika barua, isome uone kama nimeeleza sawasawa. Na kabla ya kuhama tutaenda kupima macho."

Aliyefanya uamuzi ndiye alete jibu, ana kwa ana, kabla mtoto hajalisikia kwa mwingine. Toa sababu ya kweli. "Kwa sababu wewe ni mtoto" si sababu. Akikasirika, mwache akasirike. Kazi ya jibu si kumfurahisha.

Shuleni, hospitalini, mahakamani

Shuleni hatari kubwa ni maonyesho. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya vidato 8 ya ushiriki wa watoto, na vidato 3 vya chini akaviita si ushiriki hata kidogo: watoto wanapotumiwa kusema ya wakubwa, wanapowekwa kama mapambo, na wanapoitwa ili tu ionekane wamekuwepo. Mtoto anayesoma jukwaani hotuba aliyoandikiwa na mwalimu yuko hapo chini. Kama una baraza la wanafunzi, tazama kumbukumbu za vikao vyake. Tafuta jambo moja lililobadilika kwa sababu yao mwaka huu. Usipoliona, uliza kwa nini, na tazama pia nani hayumo: wasiofaulu sana, wasio na sauti kubwa, wenye ulemavu.

Janusz Korczak, daktari aliyeongoza kituo cha yatima mjini Warsaw kuanzia 1912, aliwawekea watoto mahakama yao ambamo waliweza kuwashtaki hata walezi. Yeye mwenyewe alishtakiwa humo. Mwalimu anayeogopa kisanduku cha maoni anaweza kumfikiria mtu huyo.

Hospitalini, sema na mtoto kwanza, mzazi baadaye. Hata pale ambapo tiba haiepukiki, bado yapo ya kuchagua: mkono upi, kukaa au kulala, kuhesabu au kutazama pembeni. Ukimwambia haitauma na ikauma, hatakuamini mara ya pili.

Mahakamani, omba mapema ijulikane mtoto atasikilizwa kwa njia gani: na hakimu faraghani, kwa ripoti ya afisa, au kupitia mwakilishi. Muulize mtoto ipi anaipenda. Asihojiwe mara nyingi kuliko inavyohitajika. Na mwakilishi asisahau kwamba anamwakilisha mtoto. Ana wajibu wa kupeleka maoni ya mtoto yalivyo, hata kama yeye anaona tofauti.

Hatua ya 7: Acha mlango wa kurudi

Uamuzi uliofaa mwezi wa kwanza unaweza kubana mwezi wa sita. Weka tarehe ya kurudi kwa mtoto na kumuuliza mambo yanakwendaje, na uitimize. Mwonyeshe pia pa kulalamika, mtu ambaye si wewe. Kimataifa ipo itifaki ya tatu (makubaliano ya nyongeza) ya Mkataba wa Haki za Mtoto, iliyopitishwa 2011 na kuanza kutumika 2014, inayoruhusu malalamiko ya watoto kufika kwenye Kamati pale nchi yao ilipoiridhia na njia za ndani ziliposhindikana. Kwa mtoto wa kawaida, mlango unaohitajika uko karibu zaidi: mwalimu mmoja, shangazi mmoja, namba moja anayoijua kwa kichwa.

Na andika. Andika alichosema, kwa maneno yake, hata kama hakikufuatwa. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea jibu mvulana wa miaka 12. Alikuwa ameomba asitenganishwe na mdogo wake, na hatukupata familia ya kuwachukua wote wawili kwa pamoja. Nilimweleza sababu zote, na siku ambazo wangekuwa wanaonana. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanyoosha kidole kwenye faili langu.

"Andika kwamba mimi nilikataa."

Niliandika mbele yake, nikamgeuzia karatasi. Alisoma polepole, akaomba niongeze jina la mdogo wake.